Stima ya Taka: Tuulize Kwanza

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Thika na Ruiru



Tumeulizwa mara nyingi: hii taka ya Thika na Ruiru inayomwagwa Kang'oki, kweli inaweza kuwasha taa? Taka inaweza. Kama ni ya Kang'oki, hapo ndipo kuna maneno.

Maganda ya viazi, sukuma iliyooza na mabaki ya hoteli yakifukiwa mahali hewa haifiki, vijidudu huyala na kutoa gesi. Karibu nusu yake ni methani, ileile anayopikia jirani mwenye mtambo wa samadi. Ili kuivuna, jaa hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, visima huchimbwa, na mabomba yenye matundu hushushwa ndani. Gesi huvutwa, hutolewa maji, husafishwa, kisha huendesha injini ya jenereta. Durban, Afrika Kusini, walizalisha stima hivyo kwenye majaa ya Mariannhill na Bisasar Road.

Sasa Kang'oki. Miaka ya 2010 jaa hili lilitengenezwa kwa njia ya Fukuoka, iliyotoka Japani, kwa msaada wa UN-Habitat. Njia hiyo hulaza mabomba chini ya taka. Maji machafu hutoka, na hewa huingia. Taka huoza upesi, harufu na moto hupungua, na methani nayo hupungua sana. Kwa majirani ni jambo jema. Tulisikia habari za Kiteezi, Kampala, Agosti 2024: mlima wa taka uliporomoka ukaua watu zaidi ya 30. Jaa lisiloangaliwa si mchezo.

Lakini jamani, anayetaka stima huziba hewa, na wa Fukuoka huifungulia. Chungu kimoja hakiwezi kufunikwa na kufunuliwa kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo mtu akija kwenye kikundi na fomu za kuuza hisa za "stima ya Kang'oki", msikimbilie kufungua kisanduku cha akiba. Mwulizeni: ni sehemu gani ya jaa itakayozibwa? Gesi imepimwa kwa visima vingapi, kwa miezi mingapi? Ripoti ya mazingira iliyopitishwa na NEMA iko wapi? Leseni ya EPRA je? Nani amekubali kununua hiyo stima, na kwa mkataba gani? Akisema ati karatasi zinakuja, basi na pesa zenu zije baadaye.

Kuna swali moja ambalo wenye miradi hulisahau. Jaa likifunikwa udongo, wale wanaookota plastiki na vyuma pale watakula nini? Wengine ni wanachama wenu, mnaketi nao kwenye mikutano. Waulizwe kabla ya katapila kufika, na wakikubaliwa kazi ya kuchambua taka, iandikwe.