Chama Kilifutwa, Pamba Ikabaki



Juzi tulitoka Musoma kuja hapa Bunda. Baada ya somo la hesabu mzee mmoja akatuuliza: "Mwalimu, mbona vyombo vingine Serikali inavifuta, na vingine vinabaki tu?" Swali hilo ni gumu. Tulijibu kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu.

Mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Mwaka 1976 ikafuta vyama vikuu vya ushirika. Sababu zilikuwepo. Vyama vingine vilikuwa na madeni, wizi, na makarani wengi kuliko kazi. Kazi ya kununua pamba ikapewa Mamlaka ya Pamba.

Sasa sikilizeni. Chama kilifutwa, lakini pamba haikufutwa. Bado ilitaka mtu wa kuipima, kuibeba na kuilipa. Mamlaka ilikuwa na ofisi na magari, ila mkulima hakuwa mwanachama wake. Malipo yakichelewa, amwulize nani? Hakuna mkutano mkuu. Hakuna mwenyekiti wa kumwondoa. Na barabara za wilaya nazo hazikufutwa pamoja na halmashauri!

Basi mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuvirudisha vyote viwili, na mwaka 1984 vikaanza tena kazi. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipohojiwa alikiri kuwa kuvifuta lilikuwa kosa. Mkubwa kukiri hivyo si jambo dogo, jamani.

Na Mamlaka je? Haikufa, ilibadilishwa jina tu. Mwaka 1984 iligeuzwa kuwa bodi, na sheria ya mwaka 2001 ikaipa jina la Bodi ya Pamba Tanzania. Kununua iliachishwa, ikaachiwa kusimamia. Kazi hiyo hakuna mwingine aliyeitaka.

Lakini kuna kufa kwa namna nyingine. Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Vyama vingi vya Kanda ya Ziwa vikadhoofika kwa madeni. Hakuna aliyevifuta. Wanachama waliuza kwingine na mikutano ikakosa watu. Mwaka 2018 Serikali iliagiza tena pamba ipitie kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mimi mwenyewe nimekifuta changu. Miaka minne sijaenda mkutanoni."

Mkutano wa chama chao ni Jumamosi. Tumemwomba aje na stakabadhi zake, maana sasa anajua kuzisoma.