Picha za Huzuni na Picha Tusizozisahau
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati imenipa mada nyepesi: picha za sinema tunazozipenda kuliko zote. Nimeipokea kwa furaha, lakini naomba niisogeze upande wa huzuni. Maana ukimwuliza mtu wa rika letu, awe wa Bukoba mjini au wa Kamachumu, ataje picha ambayo haijamtoka moyoni, mara nyingi hataji iliyomchekesha. Anataja iliyomliza.

Chukueni Mother India, picha ya Kihindi ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Mehboob Khan. Radha ni mama mkulima. Deni la mkopeshaji linammaliza, mumewe anaondoka, naye anabaki kulima na kulea watoto. Mwishoni anampiga risasi mwanawe Birju, ampendaye kuliko wote, kwa sababu amemteka binti wa kijiji. Picha za Kihindi zilipendwa sana katika miji yetu, na wengi wa watazamaji hawakujua hata neno moja la lugha ile. Lakini deni walilijua, jembe walilijua, na mama walimjua.

Hapo pana swali. Kwa nini mtu atoe fedha yake aende kulia? Na je, kila picha ya huzuni inafaa kutazamwa? Nina mifano miwili ya kuwapa, na yote inatuhusu sisi watu wa Kagera.

Mfano wa kwanza unatoka katika ziwa letu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoipigia Mwanza. Inaonyesha minofu ya sangara ikipakiwa katika ndege kwenda Ulaya, huku mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakianikwa kwa ajili ya wenyeji. Inaonyesha watoto wa mitaani na wanawake wanaojiuza kwa marubani, na inadokeza kwamba ndege hizo huleta silaha. Mwaka 2006 iliingia katika mashindano ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaipaka nchi matope.

Si haki kusema kwamba filamu ile ni uongo mtupu. Umaskini ulikuwapo, na mapanki yalikuwapo. Sangara mwenyewe hakuwa samaki wa asili wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950. Lakini mtazameni mvuvi katika filamu ile. Anateseka, anakufa, basi. Hatumwoni mama anayelipa karo kwa fedha ya samaki, wala wanakijiji wakikaa kitako kujadili shida yao. Huko Ulaya wako waliotoka sinema wakasema sangara asinunuliwe tena. Mvuvi wa Ikuza au Goziba, katika visiwa vya Muleba, angefaidika nini kwa ghadhabu hiyo? Huzuni ya namna hiyo humfanya mtazamaji amwonee mtu huruma, lakini haimpi nafasi ya kumheshimu.

Mfano wa pili unatoka mbali, Zimbabwe, lakini kwa maoni yangu ndiyo picha inayotufaa kuliko zote. Inaitwa Neria, ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Mwanamuziki Oliver Mtukudzi naye anacheza humo. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki kwa ajali. Msiba haujapoa, shemeji yake, Phineas, anachukua mali, anachukua nyumba, na hata watoto anataka kuwachukua, akisema hiyo ndiyo mila. Neria analia. Kisha anafuta machozi, anatafuta ushauri, anakwenda mahakamani, na anashinda.

Ndugu zangu, nani hapa hamjui Phineas? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walionekana mkoani kwetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata tulizika sana. Katika vibanja vyetu makaburi yalisogeleana chini ya migomba, na baada ya kila tanga lilikuja swali lile lile: kibanja ni cha nani sasa? Mara nyingi mjane na binti walijibiwa kwamba shamba ni la ukoo.

Hata sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake, lakini si kuliuza. Mwaka 1990, katika kesi iliyotoka huku huku Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba alilorithi sawa na mwanamume. Kwa hiyo, miaka mitatu kabla ya picha ya Neria, mwanamke wa mkoa wetu alikuwa amekwisha kusimama mahakamani, na hakupigwa picha na mtu.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka vijana waishike. Msiikimbie picha kwa kuwa inahuzunisha. Iulizeni: aliyeonewa amepewa nafasi ya kusema na kutenda, au amewekwa pale ili tumlilie tu? Na mimi niliyetazama, nikifika nyumbani nina kazi gani ya kufanya?

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, shule iwaonyeshe wanafunzi picha ya Neria jioni moja, kisha wabishane. Wavulana hasa, kwa kuwa siku moja watakaa katika vikao vya ukoo, na huko hakuna mtu anayejitambulisha kwa jina la Phineas. Hujiita mlinzi wa mila.

Pili, sisi wenye mvi tuandike wosia tungali wazima, tuwataje wake zetu na binti zetu kwa majina, na kuutia sahihi mbele ya mashahidi. Wengi wetu tumelia mbele ya sinema kwa ajili ya wajane wa watu wengine. Wa kwetu tuwaandikie karatasi.