Mtu wa Kawaida wa Soga: Wazee wa Baraza katika Kesi za Mauaji

Mhadhara wa umma, Soga, Mkoa wa Pwani



Naanza na sheria, maana ndiyo iliyonileta. Kifungu cha 202 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza ni uchokozi wa namna gani unaoweza kumpandisha mtu ghadhabu hadi akaua, na bado akahesabiwa ameua bila kukusudia. Kipimo chake ni mtu wa kawaida: je, tendo lile au tusi lile lingemfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia? Kisha kifungu kinaongeza kwamba mtu huyo ni wa kawaida katika jamii anayotoka mshitakiwa. Si wa London, wala wa Masaki. Mshitakiwa akiwa wa Soga, mahakama inapaswa kumtafuta mtu wa kawaida wa Soga.

Jibu la swali hilo lina uzito wa roho. Aliyeua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa, na jaji hana hiari ya kuipunguza. Aliyeua bila kukusudia, jaji ana uwanja mpana wa kupima, kuanzia kifungo cha maisha kushuka chini.

Tuwaze msiba, basi. Huku Uzaramo mtani anaweza kuingia matangani, akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, akadai chake kabla maiti haijatoka, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wanyamwezi wana ruhusa hiyo kwa watu wa Pwani tangu enzi za misafara. Maneno hayohayo akiyatamka jirani asiye mtani, mnajua wenyewe kitakachofuata. Na hata kwa mtani upo ukingo. Uko wapi? Jaji aliyezaliwa Bukoba, akasoma Mlimani, akafanya kazi Arusha, ataujuaje? Siulizi hivyo kwa kuidharau elimu yake. Ukingo huo haumo katika ripoti za kesi, na wakili atakayemwambia analipwa na upande mmoja.

Ndiyo maana walikuwapo wazee wa baraza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu cha 265, iliagiza kesi zote za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wao, wawili au zaidi. Ushahidi ukimalizika, jaji aliwafafanulia mambo ya msingi, na kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria, na kuwapo kwao si lazima tena. Kesi ya mauaji inaweza kuanza na kwisha bila mzee hata mmoja kuketi upande wa jaji. Ninavyoona mimi, wamepunguzwa kazi kwa makosa yasiyo yao.

Wengi wenu mmeona juri kwenye filamu: raia 12 wanajifungia chumbani, wanatoka na neno moja, ana hatia au hana. Mtu anaweza kudhani wazee wetu walikuwa juri iliyopungukiwa watu, na kwamba tukipata juri kamili haki itatimia. Kabla ya kuitamani, tutazame Kenya ya walowezi. Huko Mzungu akishitakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwaka 1923 mlowezi mmoja alimchapa mtumishi wake, Kitosh, hadi akafa, kwa sababu alimpanda farasi jike badala ya kumwongoza kwa miguu. Mahakamani Nakuru madaktari wa upande wa utetezi walisema marehemu alikufa kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kufa. Juri ya walowezi ikamwona mwenzao ana hatia ya kudhuru mwili tu, akafungwa miaka 2. Karen Blixen aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya maisha ya Kenya. Wale nao walikuwa watu wa jamii ya mshitakiwa, na walijua vizuri sana mtu wa kawaida wa kwao ni nani.

Mwafrika, kwa upande wake, alipewa wazee wa kushauri tu. Mtawala alihitaji kujua mila, lakini hakuwa tayari kumpa mwenye mila kura. Utaratibu huo ulitoka India na sheria zake, ukapita katika sheria ya Tanganyika ya 1930, nasi tukaurithi baada ya Uhuru bila kuuliza sana. Ajabu ni kwamba chini, katika Mahakama ya Mwanzo, tulithubutu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilisema hakimu na wazee wakitofautiana, hata juu ya hatia ya mshitakiwa, waamue kwa wingi wa kura. Kwa hiyo mzee wa Soga aliaminiwa kupiga kura katika kesi ya wizi wa kuku. Kitanzi kilipokuwa mezani, akaambiwa toa maoni, tutayazingatia.

Kutozingatiwa si jambo la kufikirika. Jijini Nairobi mwaka 2009, katika kesi ya Thomas Cholmondeley wa ukoo wa Delamere, wazee wa baraza walisema hana hatia, jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Pengine jaji ndiye aliyekuwa sahihi. Kenya yenyewe ilikwisha kuwafuta wazee tangu 2007, na kesi hiyo iliendelea nao kwa kuwa ilianza kabla.

Huku kwetu yaliyowaponza ni mengine. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ilishika msimamo kwamba jaji asipowaelekeza wazee katika jambo la msingi, kwa mfano huo uchokozi niliouanza, ni kama kesi imeendeshwa bila wao. Msimamo mzuri. Lakini kosa ni la nani hapo? La jaji. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 2010, zikaja rufaa ambamo wazee walionekana wamewauliza mashahidi maswali ya dodoso. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mzee kuuliza ili aelewe. Kumbana shahidi ni kazi ya upande wa pili. Mwenendo wa kesi ukafutwa, kesi ikaanza upya, mshitakiwa akarudi mahabusu kusubiri. Fikirini: unamwita mtu mzima aliyesuluhisha ugomvi wa mirathi na mipaka ya mashamba maisha yake yote, humfundishi hata asubuhi moja tofauti ya swali na swali, jaji yupo na hamzuii, halafu miaka inapita ndipo unasema mzee ameharibu kesi.

Na lugha je? Kwa miongo mingi Mahakama Kuu iliandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwaka uliofuata wazee wakaacha kuwa wa lazima. Waliwekwa pembeni pale hasa mahakama ilipoanza kusema lugha yao.

Sitaki nionekane nawapamba wazee, maana wengine mko hapa na mnajuana. Anayejua mila ndiye pia anayejua umbea. Katika nchi ambako bibi kizee ameuawa kwa sababu ya macho mekundu, mzee anayesadiki uchawi anaweza kumwonea huruma muuaji kuliko marehemu. Wanawake na vijana waliitwa wachache mno. Tena hapa kwenu, tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024 na watu wa Dar es Salaam wakawa wanaulizia viwanja, mzee mwenye busara huenda ndiye dalali wa shamba linalogombewa. (Mnacheka, lakini nimesema huenda.)

Kwa hiyo ningewapata kwa kura ya bahati kutoka daftari la wapiga kura la wilaya nzima, wala si kwa kuteuliwa na karani anayewafahamu. Watoke vijiji vingine, mbali na kijiji cha tukio. Wawe watatu, na angalau mmoja awe mwanamke. Wafundishwe kabla ya kikao, walipwe posho kwa wakati. Juu ya maana ya sheria, neno liwe la jaji peke yake. Juu ya swali la kifungu cha 202, wapige kura, na jaji akitofautiana nao aandike sababu zake kwa Kiswahili ambacho wao wenyewe wanaweza kukisoma.

Mtaniambia hilo linahitaji Bunge. Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini sheria ya 2022 haikumkataza jaji kuketi na wazee. Wakili anayemtetea mtu aliyeua baada ya tusi la msibani anaweza kusimama siku ya kwanza, kabla shahidi hajaapa, akaomba waitwe. Ningependa kusoma uamuzi wa jaji atakayekataa ombi hilo, nione mtu wa kawaida wa Soga alimpata wapi.