MGONJWA WA MAPAFU ASIACHWE NYUMBANI

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Ushirika wetu. Yamenakiliwa na Kamati ya Elimu. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.)



Jambo langu ni moja. Kikao kilichopita ilisemwa kwamba mwanachama anayeumwa kifua asitumwe tena Moshi wala Dar es Salaam kwa kazi za ushirika, maana atasumbua wenzake njiani. Mimi ni mmoja wa hao wanaosemwa. Sikuja kuomba huruma. Nimekuja kueleza ugonjwa huu ukoje na safari yake ikoje, halafu mkutano uamue.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Wengi mnajua nilikuwa mwana-Apollo, nikachimba Mererani miaka 14. Tulitoboa miamba pakavu, bila maji ya kutuliza vumbi, na mwenye shimo hakutupa hata kitambaa cha kuziba pua. Vumbi lile la mawe likishaingia mapafuni halitoki. Huacha makovu, mapafu yakakakamaa. Nilipimwa Kibong'oto, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na picha ikaonyesha makovu hayo.

Lakini msidhani ni sisi wachimbaji tu. Mama anayepika kwa kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha, miaka nenda miaka rudi, naye njia zake za hewa hubanwa kidogo kidogo. Mvuta sigara hali kadhalika. Hata aliyeugua kifua kikuu akapona anaweza kubaki na makovu. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huo wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Si uchawi, ndugu zangu. Ni moshi na vumbi.

Tena makovu hayaambukizi. Kikombe changu hakina kosa. Ila yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi apeleke makohozi zahanati yakapimwe, hasa aliyechimba mawe, maana kifua kikuu humshika huyo upesi. Dawa zake hutolewa bure.

Pili, kuishi nao. Makovu hayaponi, lakini mtu anaishi na anafanya kazi. Muuguzi alinifundisha kupumua: vuta hewa kwa pua, kisha toa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Ukizidiwa, kaa, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Na usilale kitandani kutwa. Kutembea kila siku, pole pole, huipa miguu nguvu, na miguu yenye nguvu haidai hewa nyingi.

Wenye dawa ya kuvuta, ile pampu, wengi huipuliza ikaishia kooni. Ipitishwe kwenye chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba, kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri pembeni mwa pampu hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Mwombeni muuguzi awaonyeshe kuitengeneza.

Tatu, safari. Hapa ndipo penye ubishi. Mimi husafiri hivi:

1. Dawa zote nazishika mkononi. Haziwekwi kwenye buti wala juu ya keria. Nabeba za siku za ziada, maana gari likiharibika porini hakuna duka.

2. Nabeba cheti cha kliniki chenye jina la ugonjwa na dawa ninazotumia. Nikizidiwa, mgeni ataweza kunisemea.

3. Nafika stendi mapema ili nisikimbilie gari. Nakaa mbele, mbali na moshi wa injini. Tukipita tambarare za Same kwenye upepo na vumbi, naomba dirisha lifungwe, na kitambaa kiko puani.

4. Nakumbuka mlima. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Kwa hiyo kushuka Dar es Salaam kifua hupata nafuu, isipokuwa joto. Taabu ni kurudi. Siku ya kurudi sibebi mzigo na kesho yake sipandi shamba la juu.

5. Atakayepata safari ya ndege amwambie daktari kabla ya kukata tiketi, kwani hewa ya ndani ya ndege huwa kama ya mlimani.

Na wenzake wajue dalili za hatari: mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi ya bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au anakohoa damu. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Hospitali.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upitishe haya. Mosi, mjumbe achaguliwe kwa kazi yake, na anayeumwa aulizwe mwenyewe kama anaweza safari. Pili, gari la ushirika likienda mjini, kiti cha mbele awekewe mwenye kifua, na asiwepo wa kuvuta sigara ndani. Tatu, jiko la ofisi yetu, wanapopikia akina mama siku za mikutano, litobolewe dirisha na bomba la moshi kabla ya msimu wa kahawa. Miti tunayo, mafundi ni sisi wenyewe.

Hesabu za kahawa nazisoma kwa macho, nazijumlisha kwa kichwa. Mapafu yangu hayajawahi kukosea kilo hata moja. Mkiona kazi imenishinda, niambieni kwa kazi hiyo. Msinipime kwa kikohozi.

Ushirika ni nguvu.