BEGA LILILOTEGUKIA NYUMA
Mazungumzo na wakimbizi, Kampala



Bega likiteguka, mara nyingi hutokea mbele, na kila mtu huona limebonyea. Lakini katika mabega 100 yaliyoteguka, kama 2 hadi 4 huenda nyuma. Hilo halionekani upesi. Mgonjwa huambiwa ameshtuka misuli, hupewa dawa ya maumivu, hurudi nyumbani. Miezi ikipita, mkono haufai tena kwa jembe.

Linatokana na nini?
Huweza kutokana na degedege la kifafa au kupigwa na umeme. Misuli hukaza ghafla, ikausukuma mfupa nyuma. Kuanguka vibaya kutoka kwenye bodaboda pia huweza kulileta.

Utalitambuaje?
Mgonjwa huushika mkono tumboni. Mwambie akunje kiwiko, akibane ubavuni, kisha afungue mkono kwa nje, kama anayefungua mlango. Ukikataa kabisa, shuku bega. Usilazimishe.

Ufanye nini?
1. Usiuvute mkono, wala usikubali ukandwe. Mfupa na mishipa huweza kuumia zaidi.
2. Fungia mkono shingoni kwa kanga, hivyo hivyo ulivyo.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sema wazi: "Alipata kifafa," au "Alipigwa na umeme." Usione haya, neno hilo ndilo linalomfungua daktari macho.
4. Picha ya eksirei ya mbele peke yake huweza kuonekana nzima. Uliza kwa adabu: "Daktari, mmepiga na ya ubavuni?"

Matibabu
Likigunduliwa mapema, mgonjwa hupewa dawa ya kumlegeza au ya usingizi, na daktari hulirudisha taratibu. Mkono hufungwa wiki 3 hadi 6, kisha huanza mazoezi. Likikaa zaidi ya wiki 3, mara nyingi huhitaji upasuaji, na hapo utapewa barua ya kwenda hospitali kubwa, kama Mulago.

Mwisho, kifafa hakiambukizi. Anayeanguka msaidieni: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Naye ameze dawa zake kila siku, kwani degedege likirudi, bega nalo huweza kurudi nyuma.

Anayeuliza, aulize.