Hesabu ya Dadu na Mshahara

Mabwana wanachama, wapo wenzetu hapa Namswea watiao mshahara katika kamari, nao huniletea hesabu zao nizithibitishe. Mimi karani tu. Hesabu hii ina mabingwa wake. Mwaka 1654 Chevalier de Méré wa Ufaransa alifikiri hivi: kutupa dadu moja mara 4 ili kupata sita kuna faida, basi kutupa dadu mbili mara 24 ili kupata sita mbili pamoja ni vivyo hivyo. Akamwuliza Pascal, naye akaandikiana na Fermat. Katika michezo 1,000, wa kwanza hushinda kama 518, wa pili 491 tu. Tofauti ndogo, lakini ndiyo ilayo mshahara! Basi karatasi zenu tumpelekee mwalimu wa hesabu kule Mbinga kabla ya siku ya malipo, pamoja na sharti za mchezo.