Chui, Zizi na Gunia la Makaa
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira



Leo tunataka tuzungumze juu ya chui. Tunajua wengine mtacheka na kuuliza, "Chui gani hapa kwetu, na shamba lenyewe ni nusu ekari?" Ni kweli. Gusii imejaa watu, majani chai na migomba. Watoto wengi wa Nyamira wamemwona chui kwenye kitabu cha shule tu. Lakini watu wa Bogirango, walioko Nyamira na pia kusini mwa Kisii, mnyama wa ukoo wao ni engo, yaani chui. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka. Amebaki ng'ambo ya mpaka, upande wa Trans Mara, na huko nako anasukumwa.

Jambo hili lilitufikia tulipomtembelea mama mmoja wa kikundi anayekaa karibu na mpaka huo. Aliamka alfajiri akakuta mbuzi mmoja hayupo, na mwingine amelala chini ana alama za meno shingoni. Mbuzi hao walikuwa karo ya mtoto. Majirani walishaleta dawa ya wadudu waipake kwenye mzoga. Hatukuwalaumu. Mtu ambaye karo yake imeliwa usiku huwezi kumwambia tu apende wanyama. Tuliomba jambo moja, tuketi kwanza.

Tulipoketi, tulisema hivi. Sumu haichagui. Chui akila, atakufa. Lakini mbwa wako naye atakula, na tai, na fisi, na pengine mtoto atashika kile asichokijua. Mwezi wa Desemba 2015 kule Masai Mara, mzoga wa ng'ombe uliwekwa sumu kwa sababu ya hasira kama hiyo. Simba wa kundi moja lililojulikana sana walikufa, na tai pia. Ng'ombe aliyeliwa hakurudi. Basi ule mzoga wa mbuzi tukaufukia.

Kisha tukaenda kuliangalia zizi. Ukuta ulikuwa mzuri, mrefu kuliko mtu. Juu palikuwa wazi. Sasa jamani, chui si fisi. Chui hupanda mti akiwa amebeba mawindo, ukuta utamshinda? Tena mabingobingo yalikuwa yameota mpaka kwenye mlango wa zizi. Anajificha hapo usiku, anangoja watu walale.

Kwa hiyo zizi la kuzuia chui ni hili. Liwe na paa, la mabati, au la fito zilizobanana na waya mgumu wa ua juu yake. Mlango uwe wa mbao nzito, wenye komeo, na chini pasiwe na nafasi. Mabingobingo yafyekwe, pawe peupe pande zote. Mbuzi, kondoo na ndama wahesabiwe jioni na kufungiwa kabla ya giza. Mbwa naye alale mahali salama, maana chui anampenda mbwa kama chakula.

Hapa sheria nayo inaingia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inaruhusu mwenye mifugo kuomba fidia kwa kamati ya kaunti, na chui ni mmoja wa wanyama wanaohusika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema asiyechukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake halipwi. Kwa hiyo zizi lenye paa linamlinda mbuzi, na pia linalinda haki yako. Mnyama akiuawa, usifute alama za nyayo. Mwite chifu na maofisa wa KWS waje waone. Fidia huchelewa sana mara nyingi, hatutawaficha. Ndiyo maana tunasema zizi kwanza.

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Huko Asia, katika milima mirefu ya nchi kama Mongolia, India, Nepal na Pakistani, kuna chui wa theluji, mwenye manyoya mazito na mkia mrefu. Wamebaki elfu chache tu. Naye huuawa kwa sababu zile zile: amekula mbuzi wa mchungaji, au mtu anataka ngozi yake, au wanyama anaowawinda wamekwisha. Kule Ladakh, India, wanakijiji wamefunika mazizi yao kwa waya. Kule Mongolia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wafugaji hutengeneza vitu vya sufu na kuviuza kupitia mradi mmoja. Mwisho wa mwaka hupata nyongeza ikiwa hakuna chui wa theluji aliyeuawa katika eneo lao. Mtu mmoja akiua, jamii nzima inakosa nyongeza. Hao ni vikundi kama nyinyi.

Sasa tuseme neno gumu kidogo. Sisi tunaokaa mbali na mpaka tunasema chui hatumjui. Lakini tunanunua makaa. Msitu wa Nyakweri kule Trans Mara umekatwa vibaya kwa ajili ya makaa na mashamba. Msitu ukiisha, swala na nguruwe mwitu wanaisha, na chui mwenye njaa anakuja kwa mbuzi wa yule mama. Kwa hiyo hata aliye Keroka au Nyamira mjini ana mkono katika jambo hili. Jiko linalotumia makaa machache na miti ya kuni tuliyopanda wenyewe mpakani mwa shamba vinapunguza magunia.

Ombi letu ni dogo. Mmeshanunuliana sufuria na mabati kwa zamu. Vikundi vya mpakani, anzeni zamu ya paa la zizi, mkianza na mjane na mzee asiye na wa kumsaidia. Yule mama alikuwa wa kwanza. Kikundi kilifanya kazi siku mbili, na kufikia leo mbuzi wake wanalala salama.

Ya kujadili katika kikundi:
1. Ni mazizi mangapi kati yetu hayana paa?
2. Mnyama akiliwa usiku, nani atampigia chifu, na nani atalinda mzoga usitiwe sumu?
3. Kila nyumba inatumia magunia mangapi ya makaa kwa mwaka, na yanatoka wapi?